Mama Fursa na Makochi ya Bwana Saruji

Katika shule ya sekondari ambayo nilikuwa nikiitengenezea madawati, ofisi ya karani ilikaa katikati ya ofisi ya mwalimu mkuu na stoo ya chaki. Ilikuwa na mlango mmoja na nusu. Ule wa kwenda stoo ulipigwa misumari nusu ya chini ili panya wasipite, na nusu ya juu ikaachwa wazi ili chaki ipite. Panya walijifunza kupita juu. Humo ndani alikaa mwanamke mwembamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni, ambaye jina lake la kwenye barua ya ajira lilitumika siku moja tu, siku aliyoajiriwa. Baada ya hapo watu wote walimwita Mama Fursa.

Hakuwa na mtoto. Umama alipewa na fursa zenyewe. Zamani zile matangazo ya ufadhili wa masomo yalikuja shuleni kwa bahasha, na baadaye kwa kompyuta, na mwalimu mkuu alikuwa na utaratibu wake: anayasoma, anatikisa kichwa, anayatia kwenye droo ili ayatafakari. Aliyatafakari mpaka tarehe ya mwisho ipite, kisha akayatoa na kusikitika kwamba watoto wa siku hizi hawachangamkii mambo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutafakari tu.

Sasa bahasha zote zilipitia kwa karani kwanza. Yeye ndiye aliyezifungua kwa rula, na akiwa anazifungua alikuwa akinakili. Jina la mfadhili, wanataka nani, wanataka nini, mwisho lini. Alibandika nakala yake kwenye ubao wa nje kabla droo haijaona kitu. Halafu alimwita mtoto anayefaa, na mzazi wake, wakakaa kwenye benchi nililowatengenezea mimi, fomu ikajazwa mstari kwa mstari. Mzazi akisita, alikuwa na neno lake: "Jaza. Kujaza si dhambi."

Nilimwuliza siku moja, nikiwa nimelala chini ya meza yake nakaza mguu uliokuwa ukicheza, kwa nini anajitwisha kazi asiyolipwa. Nilitegemea aniambie kwamba naye utotoni alinyimwa nafasi, akalia, mambo kama hayo ambayo watu husimulia. Akasema, "Fundi, baada ya saa nne huwa sina cha kufanya."

Na fursa zenyewe zilikuwa na vituko vyake. Kulikuwa na ufadhili wa watoto mapacha peke yao, na ilikuwa sharti kila mmoja awe wa kwanza darasani, tena darasa moja. Kulikuwa na shindano la insha la kiwanda cha rangi. Mshindi alipata makopo mawili ya rangi ya kijani na kofia, na kwa kuwa kwao nyumba ilikuwa ya mabati matupu, alipaka mlango, pande zote mbili, mpaka rangi ikaisha. Kulikuwa na fomu ya mayatima iliyotaka sahihi ya baba na ya mama, na ikikosa mojawapo hairudishiwi majibu. Mama Fursa aliwapigia simu kuuliza. Wakamwambia, "Mama, fomu ndivyo ilivyo, sisi hatukuichapa."

Alikuwa na daftari la kijani lenye safu nne: mtoto, fursa, tarehe, jibu. Safu ya jibu ilijaa vistari. Katika miaka kumi na tisa aliwapatia watoto kamusi tatu, mikoba saba, saa moja ya ukutani, na barua nyingi za kuwapongeza kwa kushiriki. Saa ile mshindi wake aliiacha shuleni kwa sababu kwao hakukuwa na ukuta wa kuhimili msumari. Lakini mtoto aliyesomeshwa kweli, akalipiwa kila kitu mpaka akamaliza, hakuwahi kumpata hata mmoja. Hilo hakulisema. Nilijua tu kwa jinsi alivyolifunga daftari kila akimaliza kuandika kistari, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Ndipo ukaja Mfuko.

Sitautaja jina, wenyewe wapo. Mfuko huu ulichukua mtoto aliyemaliza kidato cha nne na kumlipia miaka miwili ya mwisho shule ya bweni: ada, kitanda, vitabu, sare, hata sabuni. Kila shule ingetoa majina mawili, mkaguzi angekwenda kuwaona nyumbani kwao, na mmoja angechaguliwa.

Jina la kwanza halikuwa na mjadala. Alikuwepo binti mmoja waliyempachika jina la Desimali. Akiwa kidato cha pili alisimama kwenye somo la hesabu akamwambia mwalimu, kwa adabu zote, kwamba nukta yake imesogea nafasi moja na kwa hiyo tangi la maji la kwenye swali sasa linatosha mji mzima. Tangu hapo mwalimu akawa anamtazama yeye kwanza kabla ya kufuta ubao. Alikuwa ameshika nafasi ya kwanza shuleni kwenye mtihani wa mwisho. Mama yake alifua na kupiga pasi nguo za watu, pasi ya mkaa, kwenye chumba kimoja nyuma ya soko, na tulimwita Mama Pasi. Uwezo wa shule ya bweni haukuwepo, na shangazi mtu alikuwa amekwisha kuagiza binti aende mji mwingine kwenye saluni yake, akaoshe nywele za wateja kuanzia mwisho wa mwezi. Kuosha vichwa vya watu ni kazi ya heshima. Ila kichwa cha yule binti kilikuwa na shughuli nyingine. Mfuko ukimkosa, ni saluni. Hakukuwa na njia ya tatu.

Jina la pili lilikuja lenyewe, kwa miguu. Bwana Saruji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi lenye milango minne, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, aliingia ofisini mimi nikiwa napima rafu.

"Mama Fursa, hili la Mfuko nasikia halina ubaguzi."

"Linataka mhitaji, Bwana Mwenyekiti."

"Nani asiyehitaji? Lori langu moja liko juu ya matofali tangu mwaka jana. Mwalimu mkuu ameshakubali kijana wangu awe wa pili. Andika."

Akaandika. Alipofika kwenye kazi ya mzazi, akainua kalamu.

"Weka mfanyabiashara mdogo," akasema Bwana Saruji.

"Mdogo?"

"Mama, nitazame vizuri. Umewahi kuona mdogo kunishinda?"

Kweli alikuwa mfupi, na alikuwa na desturi ya kucheka wa kwanza ili wengine wasipate nafasi ya kufikiri. Mama Fursa akacheka kidogo. Alijiambia kwamba nyumba ile hata kipofu akiingia atajua kuna uwezo, kwa hiyo haina madhara. Na yule bwana alipouliza mkaguzi akija afanyeje, akamjibu bila kumtazama, kama mtu anavyomwambia mwingine akate nywele:

"Asikute nyumba imejaa. Punguza."

Siku hiyohiyo, saa sita, akampitia Mama Pasi kwenye kamba zake za nguo. Sasa hapa nisimame kidogo. Mama Pasi hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Ungemletea shati lenye doa la mafuta ya gari, akalitoa, ukamsifu, angekuuliza kama ulidhani lingemshinda. Mama Fursa alimheshimu, akaona haya kumwambia kwamba ufadhili wenyewe ni wa wahitaji na kwamba mtu anakuja kuangalia shida zake. Tangu mwanzo alikuwa amemwambia ni ufadhili wa watoto wenye akili, jambo ambalo lilikuwa kweli nusu. Siku ile akaongeza hivi tu:

"Alhamisi anakuja mgeni wa mtoto. Uwepo nyumbani, umpokee vizuri."

"Mgeni wa ofisi?"

"Wa ofisi."

"Basi niachie mimi," akasema Mama Pasi, akakung'uta shuka la mtu likalia kama bunduki.

Jumatano asubuhi Mama Pasi alipeleka nguo zilizonyooshwa nyumbani kwa Bwana Saruji, maana walikuwa wateja wake, akakuta makochi yapo uani. Mke wa Bwana Saruji alikuwa anazunguka ameshika kiuno, hajui ayafiche wapi. Majirani wote walikuwa na midomo. Akamwona mfuaji wake amesimama na karai kichwani.

"Mama Pasi, tunapaka rangi. Hebu nisitirie haya kwako siku chache. Na kabati la vyombo. Na zulia, na televisheni."

Mama Pasi alinisimulia baadaye kwamba alikubali kabla mwenzake hajamaliza kutaja televisheni. Usiku kucha alikuwa anawaza mgeni wa ofisi atakaa juu ya nini.

Walioitwa kubeba ni mimi na mkokoteni wangu. Nikabeba, nami nikidhani wanapaka rangi. Mlango wa Mama Pasi ulipimwa kwa ajili ya watu, haukupimwa kwa ajili ya makochi, kwa hiyo nilifungua miguu ya makochi, haikutosha, nikang'oa fremu ya mlango. Chumba kikajaa mpaka ukitaka kugeuka unatoka kwanza nje.

"Fundi, taratibu. Yakichubuka nitawafulia wale watu bure mpaka nizikwe."

Binti alikuwa ameegemea ukuta wa nje, kitabu kifuani. "Mama, mgeni si anakuja kuniona mimi?"

"Anakuja kukuona wewe. Na akae wapi akikuona? Juu ya ndoo?"

"Hata kwenye ndoo ataniona."

"Nyamaza. Watu watasema umelelewa wapi."

Alhamisi ikafika. Ya kwa Bwana Saruji sikuyaona, nayasema kama alivyoniambia Mama Fursa, maana ni yeye aliyemwongoza mkaguzi nyumba hadi nyumba. Walikuta sebule tupu, ukutani pana mraba mweupe palipokuwa na televisheni. Familia imekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, kwa mpangilio wa kimo. Mke amevaa gauni la kudekia. Kijana akaleta maji kwenye kikombe cha plastiki kisicho na mkono, na baba mtu alikohoa kila lilipotajwa neno ada. Mkaguzi, kijana mstaarabu, viatu vyake vyote vumbi, akaandika sana. Kisha Bwana Saruji akasema kama mwenyekiti ni wajibu wake awasindikize kwenye nyumba ya pili, akawasindikiza.

Walivyofika kwa Mama Pasi mimi nilikuwa pale mlangoni narudishia fremu. Nilimwona Mama Fursa anaingia, nikamwona anasimama. Makochi yale aliyajua. Alikuwa ameyakalia mara nyingi kwenye vikao vya kamati akiandika kumbukumbu. Akamgeukia Bwana Saruji. Bwana Saruji naye alikuwa hajui mke wake ameyapeleka wapi. Nilimwona akiyatazama makochi yake kama mtu aliyekutana na ng'ombe wake kwenye zizi la jirani, kisha akatazama dari, akaipenda sana dari ile.

Mkaguzi alikuwa ametembelea nyumba kumi na moja tangu juzi na zote alikalia ndoo, dumu au jiwe. Akakaa, akazama, akasema "Aaah," kama mtu aliyefika kwao. Mama Pasi akamfungulia soda, akamwekea biskuti kwenye sahani ya kabatini, sahani ya watu, akiishika kwa mikono miwili.

"Mama, katika mwezi kuna siku mnakosa chakula?"

"Kwangu? Nani kakwambia? Ongeza biskuti, baba."

"Maji mnayapata kwa shida?"

"Maji ndiyo kazi yangu. Maji hayanibabaishi."

Mama Fursa akakohoa. "Mama Pasi, mweleze mgeni ile hali."

"Hali njema kabisa, tunashukuru."

"Ile ya paa."

"Paa lipo." Na kweli lilikuwepo, ungeweza kuonyesha kwa kidole mahali lilipokuwepo na mahali lisipokuwepo.

"Kuna ugumu wowote unaoikabili familia?" akauliza mkaguzi, kalamu tayari.

"Hatuna hata mmoja. Mtoto anajua kufua, anajua kupika, anasali, hana makundi. Muulize hesabu yoyote."

Binti alifungua mdomo. Mama mtu akamfinya kiunoni, mdomo ukafungwa. Mkaguzi aliuliza hesabu moja, kwa ajili ya heshima, akajibiwa kabla hajamaliza kuitaja, akacheka, akamaliza soda. Nilikuwa nimeinamia msumari karibu na goti lake, na nikasoma alichoandika chini kabisa: Familia inajiweza.

Njiani Mama Fursa angesema. Alitaka kusema. Lakini Bwana Saruji alitembea katikati yao akielezea bei ya mabati, na tena, ili aseme makochi yametoka wapi, ingembidi aseme nani aliyesema punguza.

Barua ikaja baada ya siku tisa. Kijana wa Bwana Saruji amechaguliwa kwa muda, na uamuzi wa mwisho utatolewa baada ya wiki mbili. Bwana Saruji akashukuru hadharani. Makochi akayaacha hukohuko mpaka uamuzi wa mwisho utoke, asije mtu akapita ghafla. Mama Pasi yeye hakuelewa. Alisema kwa wateja wake, "Labda sikutia biskuti za kutosha." Shangazi mtu akatuma nauli.

Siku ya pili Mama Fursa akaja kwenye karakana yangu, mahali ambapo hakuwahi kufika, akakaa juu ya rundo la mbao bila kufuta vumbi.

"Fundi, wewe ndiye uliyebeba?"

"Nilibeba. Nikajua wanapaka rangi."

"Utashuhudia?"

"Mwandiko wangu mama unaujua, kama kuku kapita."

"Saini tu. Mengine nimeandika mimi."

Ilikuwa barua ya kwenda kwa Mfuko, kurasa tatu, kwa mkono, yeye ambaye kila kitu alikichapa. Nikaisoma yote, ilinichukua muda na hakuniharakisha. Alianza na yeye mwenyewe: kwamba alijaza mfanyabiashara mdogo akijua, kwamba alimwambia tajiri apunguze, kwamba alimficha maskini ukweli wa fomu kwa kumwonea haya. Makochi yalikuja ukurasa wa tatu.

Nikamwambia, "Hili la punguza si ungeliacha? Halina faida kwako."

"Nikiliacha, barua inakuwa fomu kama ile niliyojaza," akasema.

Nikaweka saini, jina langu lote, na la baba yangu kwa usalama.

Mkaguzi akarudi Jumatatu bila kumwambia mtu, akaja karakana kwanza kuniuliza njia, kwa kuwa jina langu lilikuwa kwenye barua. Tukaenda wote. Mama Pasi alikuwa ametoka kupeleka nguo. Binti tulimkuta nje, amekaa juu ya kizingiti, daftari juu ya karai lililopinduliwa.

"Mbona unasomea juani?" mkaguzi akamwuliza.

"Ndani kuna makochi."

"Si ya kukalia?"

"Ya watu. Tangu yaje hatujayakalia. Ulikalia wewe."

"Mnalala wapi?"

"Mama analala nyuma ya kabati. Mimi chini ya meza, miguu inatoka nje kidogo, lakini mvua haijanyesha."

Mkaguzi akachungulia. Makochi yamefunikwa mashuka ya zamani, juu yake pamepangwa nguo za watu zilizonyooshwa, shati juu ya shati, na zulia limekunjwa lisikanyagwe. Televisheni imeelekezwa ukutani.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Hukuuliza ni ya nani. Na nilifinywa."

Mama Pasi akatokea na karai tupu, akamwona mgeni amekaa kizingitini pembeni ya mtoto, akapiga kelele ya aibu.

"We mtoto! Mgeni wa ofisi unamkalisha chini na makochi yapo!"

"Mama," akasema mkaguzi, "makochi haya ni yako?"

Mama Pasi akaegemeza karai lake ukutani, akalipanga tena, ingawa lilikuwa limekaa vizuri.

"Nimewekewa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe," akasema, na hakumtaja, kwa kuwa mteja ni mteja.

Uamuzi wa mwisho ulipotoka, jina lilikuwa la binti. Katika daftari la kijani, safu ya jibu, Mama Fursa aliandika neno Amepata, akalitazama, akaliwekea nukta. Huo ndio ulikuwa ushindi wake katika miaka kumi na tisa, na uliishi kama saa mbili na nusu. Saa tano mwalimu mkuu akamwita. Mfuko uliandika kwamba kuanzia sasa maombi yote ya shule ile yapitie kwa mwalimu mkuu peke yake, ili kulinda uaminifu. Mwalimu mkuu alisikitika sana. Akasema atalitafakari jambo hilo, na wakati huohuo bahasha zote zije moja kwa moja kwenye droo.

Bwana Saruji alikuja kuchukua makochi yake mchana kweupe, akacheka wa kwanza njia nzima, safari hii hakuna aliyemfuata. Nikang'oa fremu tena. Uenyekiti hakuvuliwa, maabara ya shule, ambayo mabati yake aliyaahidi yeye, ilikuwa bado haijaezekwa.

Lakini lililomuumiza Mama Fursa si droo wala mwalimu mkuu. Kwenye mkutano wa wazazi barua ya Mfuko ilisomwa kwa sauti, kwa nia ya kuwatia wengine moyo: "kutokana na hali duni kabisa ya makazi na umaskini wa mzazi." Mwalimu mkuu aliisoma vizuri, akapumzika kwenye kila mkato. Watu wakapiga makofi wakigeuka kumtafuta mzazi mwenyewe. Mama Pasi akasimama, akajitanda vizuri, akatoka. Mama Fursa akamfuata mpaka kwenye bomba la maji, na mimi nilikuwa kwenye bomba nafunga koki, sikuwa na pa kwenda.

"Mama Pasi, ngoja."

"Ulisema ni wa wenye akili."

"Ana akili. Hiyo haikubadilika."

"Ulisema mgeni wa mtoto. Kumbe mgeni wa shida zangu. Ungeniambia, mwenzangu, ningekuonyesha shida nzuri kuliko za Bwana Saruji, zangu ni za kweli. Lakini ungeniambia faraghani, mimi na wewe. Si kuja kupigiwa makofi na watu ninaowafulia chupi!"

"Nilikuonea haya."

"Basi umeniaibisha kwa haya zako." Akaondoka, na wiki mbili hakumsalimia. Akipita ofisini alisalimia benchi.

Ikabaki karatasi moja. Shule ya bweni ilitaka fomu ya kuripoti yenye mhuri wa shule ya zamani na sahihi ya mzazi, na bila hiyo mtoto haingii ndani ya geti lao. Mhuri bado ulikuwa kwa Mama Fursa, droo haikuutaka. Siku ya safari, asubuhi, Mama Pasi akaingia na binti na sanduku. Mimi nilikuwa naondoa ule mlango wa nusu, mwalimu mkuu alikuwa ameamua uwe mzima. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Fomu ikawekwa mezani.

"Nisomee," akasema Mama Pasi. Kusoma alijua. Alitaka isemwe na yule.

Mama Fursa akavaa miwani. "Mimi, mzazi wa aliyetajwa hapo juu, nathibitisha kwamba ni mhitaji na sina uwezo wa kumsomesha."

"Futa hapo."

"Haifutiki, Mama Pasi. Ikifutwa hawampokei."

"Ongeza basi."

"Hakuna nafasi ya kuongeza."

Binti alitazama saa ya ukutani, kisha akatazama dirishani, gari linaloondoka saa tatu lilikuwa limeshaanza kupiga honi barabarani. Akasogea hatua moja mbali na mkono wa mama yake. Alikuwa amefinywa vya kutosha katika jambo lile.

Mama Pasi akachukua kalamu. Akaandika jina lake kwenye mstari, pole pole, herufi zimenyooka kama mikunjo ya suruali. Halafu, kwenye ukingo mwembamba wa karatasi, ambao Mama Fursa kwa miaka kumi na tisa aliwakataza wazazi wote wasiuguse, akaandika kuanzia juu kwenda chini: Mfuaji na mpiga pasi. Kazi ipo. Nguo ziletwe.

Akasukuma karatasi. "Haya. Mpe mkubwa wao."

Mama Fursa alisoma ukingo ule mara mbili. Fomu iliyochafuliwa ukingoni hurudishwa, alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Akafungua mhuri, akaubonyeza juu ya wino, akaugonga katikati, kwa nguvu, karatasi ikaruka. Kisha akachukua kalamu yake mwenyewe na chini ya maneno ya Mama Pasi akaandika kwa herufi ndogo: Ni kweli, mimi ni mteja wake.

"Tangu lini?" akauliza Mama Pasi.

"Jumatatu naleta mashuka."

"Yaloweke kwanza. Sipokei mashuka makavu," akasema, akanyanyua sanduku upande mmoja, binti akanyanyua mwingine, wakatoka kwa mwendo wa haraka. Kwenye ngazi nilisikia mama mtu anamhimiza mtoto wake asiinamishe sanduku, atakunja sare.